Kiswahili cha Marikiti na kompyuta: shajara ya mradi wetu

Januari, juma la pili

Idara imetupa idhini, kazi imeanza. Tunakusanya mazungumzo halisi ya Kiswahili katika masoko ya Nairobi, tunayanukuu kwa maandishi, kisha tunayatumia kupima na kuboresha mifumo ya utambuzi wa usemi, yaani programu zinazosikiliza sauti na kuandika kilichosemwa. Tutaanzia Marikiti, twende Gikomba, na tukijaliwa tumalizie Kariokor. Timu ni ya wanafunzi wa shahada ya kwanza na wachache wa uzamili. Baadhi wametoka Kiswahili na Isimu, baadhi Kompyuta. Mimi ni mtafiti msaidizi. Ninaratibu kazi na kuandika shajara hii ili watakaojiunga muhula wa Septemba waone tulikopita.

Swali la kwanza walilouliza wanafunzi wa Kompyuta: kwa nini tusitumie data iliyopo? Ipo, na tunaiheshimu. Mradi wa ALFFA ulitoa sauti za Kiswahili za taarifa za habari na kuziacha wazi kwa watafiti. Common Voice ya Mozilla humwonyesha mtu sentensi akaisoma, na wengine wakaisikiliza na kuipigia kura kama imesomwa sawasawa. FLEURS, iliyotolewa mwaka wa 2022 kwa lugha 102, nayo ni watu wanaosoma sentensi. Mfumo wa MMS wa Meta wa mwaka wa 2023, unaotambua zaidi ya lugha 1,100, ulijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya rekodi za Agano Jipya likisomwa. Kote ni kusoma. Muuza viazi anayebishana na mteja kuhusu bei ya gunia, huku mkokoteni unapita na kijana anapiga kelele apishwe, hazungumzi kama msomaji wa habari. Mfumo usiomwelewa yeye hauelewi Kiswahili cha watu wengi wa mji huu.

Januari, juma la nne

Ruhusa. Tumeomba leseni ya utafiti kwa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, tumepeleka pendekezo kwa kamati ya maadili, na tumekaa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 tukaisoma pamoja kifungu kwa kifungu. Sauti ya mtu inamtambulisha, kwa hiyo ni data yake binafsi hata tukiondoa jina.

Lakini darasa lenyewe la ridhaa lilikuwa sokoni. Tulikwenda Marikiti kujitambulisha kwa viongozi wa wafanyabiashara kabla ya kurekodi chochote. Mama mmoja wa viazi alisikiliza maelezo yetu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa nyinyi vijana, hii sauti yangu mkishachukua mnaipeleka wapi?"

Mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu akamjibu, "Mama, itakaa kwa kompyuta ya chuo, halafu watafiti wengine wataweza kuisikiliza."

"Watafiti wa wapi? Na wakiiuza?"

Swali hilo limetushughulisha juma zima. Rekodi za Common Voice hutolewa kwa masharti ya CC0: yeyote duniani anaweza kuzichukua, hata kwa biashara, bila kuomba wala kutaja alikozitoa. Kwa sentensi zinazosomwa na watu waliojitolea wakijua hivyo, sioni ubaya. Kwa mazungumzo ya mama huyu na wateja wake, naona tofauti kubwa. Tumesoma pia leseni ya Nwulite Obodo, iliyotokana na kazi ya wanasheria wa Chuo Kikuu cha Pretoria, inayotofautisha watumiaji wa nchi zinazoendelea na wale wa nchi tajiri. Inatuvutia, lakini hatujaamua.

Tulichoamua ni muundo wa fomu. Ina sehemu tatu zinazojitegemea: kurekodiwa, kuhifadhiwa kwa utafiti wa chuo, na kugawiwa watafiti wa nje. Mtu anaweza kukubali moja na kukataa nyingine. Fomu ni ya Kiswahili chepesi, inasomwa kwa sauti, na kila aliyekubali anapewa kadi yenye namba ya faili yake. Akibadilisha nia, anatuma namba hiyo tu, nasi tunafuta. Mteja anayeingia katikati ya rekodi naye anaulizwa. Akikataa, kipande chake kinakatwa.

Februari, juma la pili

Kikundi cha kusoma kinakutana kila Jumatano. Nilitaka tuanze na historia, na nimefurahi kwamba wanafunzi wameibeba kwa moyo. Wengi walidhani kazi hii ilianza na roboti za mazungumzo za juzijuzi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kujenga mfumo wa kompyuta wa kuchanganua Kiswahili, SALAMA, mwaka wa 1985, kabla ya yeyote kati ya wanafunzi hawa kuzaliwa. Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, yaani mkusanyiko wa matini za kuchunguzwa kwa kompyuta, inatokana na juhudi hizo.

Na hapa hapa Nairobi, Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akishirikiana na Guy De Pauw wa Ubelgiji, alikuwa akifundisha kompyuta kuainisha maneno ya Kiswahili tangu miaka ya 2000. Walijenga pia korpasi sambamba, ya matini zilezile kwa Kiingereza na Kiswahili, iliyoitwa SAWA, wakagusa Kikuyu na Dholuo. Makala zao zilijadiliwa katika warsha ya teknolojia ya lugha za Kiafrika iliyofanyika Athens mwaka wa 2009. Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliuliza kwa nini hakuna aliyewahi kumtajia hayo darasani. Ni swali la haki. Tumeyaweka katika orodha ya lazima ya usomaji.

Karibu zaidi ni Kencorpus, kazi ya Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene: maandishi ya maneno milioni 5.6 hivi na sauti za saa 177, katika Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Kiluhya, yaani Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Baadaye ukaja mradi wa sauti wa African Next Voices, ambao kwa upande wa Kenya uliongozwa kutoka Maseno na kuchukua Dholuo, Kikuyu, Kikalenjin, Kimaasai na Kisomali. Kwa hiyo mradi wetu si wa kwanza na wala hauhitaji kuwa wa kwanza. Una mahali pake: usemi wa papo kwa papo, wa mjini, unaochanganya.

Februari, juma la nne

Rekodi za kwanza. Ninaandika mambo ya ufundi kwa ufupi kwa sababu yako yote kwenye karatasi ya maelekezo. Simu ya kawaida inatosha, ila maikrofoni ndogo ya kubana kwenye shati ndiyo inayoleta tofauti. Faili ni WAV, sampuli 16,000 kwa sekunde. Sauti haitumwi kwa WhatsApp hata mara moja, kwa sababu inabanwa njiani na kupoteza sehemu ya konsonanti tunazozitafuta. Inahamishwa kwa waya jioni hiyo hiyo.

Kelele hatuziogopi. Kuna waliopendekeza tuwaite wauzaji kwenye chumba tulivu chuoni. Tungepata sauti safi, tukapoteza mazungumzo. Atakayetumia mfumo huu atautumia sokoni, kwa hiyo tunarekodi sokoni.

Machi

Mwezi mzima umekwenda kwenye mwongozo wa unukuzi, na kila siku ninazidi kusadiki kwamba utafiti wetu uko hapa. Wageni wa fani hii hudhani unukuzi ni kazi ya mikono inayotangulia sayansi: mpe kijana vipokea sauti vya masikioni, aandike anachosikia, kisha wenye akili waje na modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano. Waliokaa na faili moja ya dakika kumi ya Marikiti wanajua kwamba kila mstari unadai uamuzi, na kila uamuzi unaifundisha modeli Kiswahili ni nini.

Mfano wa kwanza uliozua mjadala ni matamshi. Muuzaji anasema kitu kinachosikika "kurara". Tuandike vipi? Baada ya kuvutana tulikubaliana kwamba tofauti ya sauti haiandikwi, ila tofauti ya umbo la neno inaandikwa. Kwa hiyo tunaandika "kulala". Lakini akisema "siendi" akimaanisha kesho, hatumgeuzii kuwa "sitaenda". Akisema "niko na viazi", hatumpi "nina viazi". Akisema "mimi nauzanga hapa", inabaki "nauzanga", kwa kuwa ile "-anga" ya mazoea ndiyo sarufi yake.

Hapo wanafunzi wa Kiswahili waligawanyika. Mmoja, aliyepata alama za juu kabisa katika Fasihi na Lugha, alisema kwa uchungu kwamba tunahalalisha makosa, na kwamba kompyuta itawafundisha watoto kuandika hivyo. Nilimsikiliza kwa makini kwa sababu anaipenda lugha na hofu yake ina msingi. Mwenzake akamjibu kwamba daktari hamtibu mgonjwa aliyemwazia, anamtibu aliye mbele yake. Mwishowe programu ya ELAN ilituokoa, kwa kuwa inaruhusu safu kadhaa za maandishi juu ya sauti moja. Safu ya kwanza hubeba kilichosemwa. Safu ya pili hubeba Kiswahili sanifu chake. Yule aliyepinga ndiye sasa anayesimamia safu ya pili, na hakuna anayeifanya vizuri kumshinda.

Kisha maneno ya mchanganyiko. "Ushanisendia?" anauliza mama, akingoja pesa kwenye simu. Mwanafunzi wa Kompyuta alitaka sehemu ya Kiingereza iandikwe kwa tahajia ya Kiingereza, kwa hoja kwamba modeli kubwa zimeshaiona mara nyingi. Wa Isimu akamwomba aonyeshe mahali pa kukata. Mbele ya shina kuna "u-", "-sha-" na "-ni-", nyuma yake kuna "-ia". Kila kiambishi kinafanya kazi yake ya kawaida, na shina limekwisha kuhamia. Tunaandika "ushanisendia", neno moja, na katika safu ya tatu tunaweka alama ya lugha lilikotoka shina.

Pesa zimetuchukulia siku nyingi kuliko tulivyotarajia. Sokoni hapa watu hawasemi ishirini, hamsini, mia mbili na elfu peke yake. Wanasema mbao, finje, soo mbili, ngiri. Tumeamua liandikwe lililotamkwa, na thamani yake kwa tarakimu iingie katika safu ya pili. Ni jambo zito, kwa sababu matumizi ya kwanza ambayo wauzaji wenyewe wameyataja ni kuhifadhi hesabu za mauzo na madeni kwa sauti. Mfumo ukikosea kiambishi, mtu atasamehe. Ukiandika 20 mahali pa 200, umemwibia.

Kila faili inanukuliwa na watu wawili bila kuonana, kisha tunalinganisha. Panapotofautiana ndipo tunapokaa Ijumaa. Kutokana na Ijumaa hizo, wanafunzi wawili wamepata mada za tasnifu: mmoja anaandika juu ya "-anga" katika usemi wa wafanyabiashara, na mwingine, wa Kompyuta, anachunguza jinsi modeli zinavyokatakata maneno marefu ya Kiswahili vipande visivyolingana na mofimu, yaani viambishi na mashina yake.

Aprili, juma la kwanza

Stima ilipotea siku mbili mfululizo. Hakuna cha kuandika zaidi, ila kwamba kila faili iko katika nakala tatu, mahali tofauti.

Aprili, juma la tatu

Tumepima mifumo iliyopo kwa sehemu ya data iliyokwisha kuhakikiwa. Sitaweka namba hapa kabla ya data yote kukamilika, kwa kuwa namba za awali huondoka mezani na kutembea mji mzima bila maelezo yake.

Kipimo cha kawaida ni kiwango cha makosa ya maneno: unajumlisha maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, unagawanya kwa idadi ya maneno yaliyosemwa kweli. Kwa Kiswahili kipimo hiki peke yake hakitoshi. Mtu akisema "hawajaniambia" na mfumo ukaandika "hawajaambia", neno zima linahesabiwa kosa, sawa na kama mfumo ungeandika "kabati". Kwa Kiingereza sentensi hiyo ni maneno manne au matano, na kosa lingekuwa moja kati yao. Ndiyo sababu tunapima pia makosa ya herufi, na mwanafunzi mmoja anajaribu kipimo cha mofimu.

Kabla ya kupima, lazima maandishi yalinganishwe. Whisper, mmoja wa mifumo tuliyoipima, hupenda kuandika 500, mnukuzi wetu ameandika "mia tano". Bila kusawazisha, unaadhibu mfumo uliosikia sawasawa. Jambo jingine ambalo mwanafunzi wa mwaka wa nne amelisimamia bila kulegeza: sauti ya mtu mmoja haikai kwenye data ya kufundishia na ya kupimia kwa pamoja. Modeli ikishamzoea mzungumzaji, alama zake zinapanda bila kujifunza Kiswahili.

Tulichokiona kwa macho, bila namba zetu: Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka wa 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana saa 117,000 tu za hizo kwa unukuzi, na fungu la Kiswahili lilikuwa dogo mno. Inasikia taarifa ya habari vizuri kiasi. Sokoni inayumba. Kinachonitia wasiwasi zaidi ya neno lililokosewa ni sentensi nzima, nadhifu, yenye sarufi, ambayo hakuna aliyeisema. Inatokea pale kelele inapozidi au watu wanaponyamaza. Msomaji asiye na sauti mkononi hawezi kuijua. Tumeanza kuzikusanya sentensi hizi kando, na nadhani zitakuwa makala ya kujitegemea.

Mei

Wanafunzi wa madarasa mengine wameanza kuja ofisini kuuliza nafasi. Wengi wanauliza ufadhili wa ng'ambo kwanza. Ninawajibu wote kwa pamoja hapa.

Nafasi zipo. Shahada ya uzamili ya Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, ya teknolojia ya lugha na mawasiliano huwapitisha wanafunzi katika vyuo viwili vya Ulaya. Kigali kuna tawi la Carnegie Mellon, chuo kikuu cha Marekani, mwendo mfupi wa ndege kutoka hapa. Deep Learning Indaba, mkutano wa Waafrika wa akili mnemba, huzunguka Afrika kila mwaka. Mwaka wa 2019 ilikuwa hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Kenyatta. Warsha ya AfricaNLP, ya teknolojia ya lugha za Kiafrika, imekuwa ikifanyika tangu 2020 na hupokea makala za wanafunzi. Masakhane, jumuiya ya watafiti wa teknolojia ya lugha za Kiafrika, iko wazi kwa yeyote aliye tayari kufanya kazi. Asiye na kompyuta yenye nguvu anaweza kuanza na Colab au Kaggle, huduma za mtandaoni ambazo hutoa GPU, yaani vichakataji vya kufundishia modeli, bila malipo kwa muda maalumu, na kurekebisha modeli ndogo badala ya kubwa.

Lakini nimesoma barua nyingi za maombi, na ninasema ninachoamini. Barua inayosema "ninapenda akili mnemba" inafanana na nyingine elfu. Barua ya mtu aliyenukuu mazungumzo ya Marikiti, akaandika kanuni ya "-anga", akaonyesha modeli ilikoshindwa na kwa nini, haifanani na yoyote. Maabara za ng'ambo zina mashine. Hazina anayejua kwamba "sahi", yaani sasa hivi, ni neno zima mdomoni mwa Mnairobi. Ujuzi huo mwanafunzi wetu anao tayari, na kazi yetu kama chuo ni kumpa mbinu ya kuugeuza kuwa utafiti.

Kwa hiyo nimeomba mambo mawili kwenye kikao cha idara, na nitaendelea kuyaomba. Kwanza, unukuzi ulipwe. Kijana anayetoka Kayole kwa matatu mbili, akalipa nauli mwenyewe na kununua bando, hawezi kuambiwa kwamba anapata uzoefu. Pili, majina. Makala ya MasakhaNER ya mwaka wa 2021, kuhusu kutambua majina ya watu, mahali na mashirika katika matini, iliyoshughulikia lugha kumi zikiwemo Kiswahili na Dholuo, ina orodha ndefu ya waandishi, kwa kuwa walioweka alama kwenye data walihesabiwa kuwa watafiti. Tunafuata njia hiyo. Aliyenukuu, aliyehakiki na aliyeandika kanuni wote wanaingia kwenye makala, na mpangilio wa majina umeandikwa sasa, kabla hatujajua matokeo.

Ombi la pili limekubaliwa. La kwanza limepitishwa kwa nusu: wanukuzi watalipwa kwa saa kuanzia muhula ujao, ila nauli bado inajadiliwa. Wa atachimenti, yaani wanafunzi walio katika mafunzo ya kazini, nao wamehesabiwa, jambo lililonifurahisha sana.

Juni, juma la pili

Hali ilivyo. Marikiti imekamilika. Gikomba imeanza, na upande wa mitumba una msamiati wake ambao mwongozo haujaugusa: majina ya marobota, ya madaraja ya nguo, ya kasoro za kitambaa. Wanafunzi wa Kiswahili wameanza orodha yao ya istilahi na wauzaji wanaisahihisha wenyewe.

Modeli ya kwanza iliyorekebishwa kwa data yetu inasikia "soo" na "ngiri", na inaandika "nauzanga" bila kuigeuza. Bado inachanganyikiwa watu wawili wanaposema kwa pamoja, na hilo halitaisha muhula huu. Leseni: tumekubaliana maandishi ya unukuzi yatolewe wazi baada ya kuondoa majina na namba za simu, na sauti zigawiwe kwa mkataba, kwa wale tu waliokubali sehemu ya tatu ya fomu. Mkataba unasomwa na mwanasheria wa chuo.

Wauzaji wa Marikiti wameomba kusikia walichosema na kuona kilivyoandikwa. Tumepanga kwenda Julai, alasiri, soko likiwa limetulia, na kipaza sauti kimoja na kurasa zilizochapishwa kwa herufi kubwa. Masahihisho yao yataingia kwenye data kama ya mhakiki mwingine yeyote.

Anayetaka kujiunga Septemba, kutoka idara yoyote, alete dakika tano za mazungumzo aliyorekodi kwa ridhaa na kuyanukuu kwa mkono wake, pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza mahali patatu alipolazimika kuamua aandike nini. Hatuulizi alama za muhula uliopita. Mafunzo ya ELAN ni Ijumaa ya kwanza ya muhula, saa nane mchana, katika chumba chetu cha kila Ijumaa.